Mchezo wa makufuli ni mtihani, na nguvu yake iko hapo hapo

Muhula wa tatu ukianza, vyumba vya walimu katika sekondari za Uganda huzungumza jambo moja: marudio. Kwa miaka mingi mbinu ilikuwa ile ile. Mwalimu huleta rundo la mitihani iliyopita, huandika swali ubaoni, huandika jibu chini yake, na darasa zima hunakili. Sasa kuna kitu kingine kinachozunguka kwenye simu za walimu: picha za wanafunzi walioinamia sanduku lililofungwa, karatasi za manila zimetapakaa mezani, saa inahesabu dakika arobaini, na kundi linalojibu sawasawa ndilo linalopata ufunguo. Wengine huuita mchezo wa kutoroka, kwa kuwa ulianza kama mchezo wa kutafuta njia ya kutoka ndani ya chumba. Katika nchi ya shule za bweni neno hilo halifai, maana mwanafunzi aliyetoroka kwetu ni yule aliyeruka ua usiku na kesho yake akaitiwa mzazi. Nitauita mchezo wa makufuli.

Ninaandika kwa sababu naona mchezo huu unasifiwa kwa kazi usiyoifanya na unakataliwa kwa kosa usilolitenda. Wanaousifu husema huu ndio mtaala mpya kwa vitendo: wanafunzi wanashirikiana, wanafikiri, hawakariri. Wanaoukataa husema watoto wameletwa shule kusoma, si kucheza, hasa wiki chache kabla ya karatasi za UNEB, baraza la mitihani la taifa. Mimi nasema mchezo wa makufuli ni mtihani uliobadilishwa vazi. Unamlazimisha mwanafunzi kuchimbua kichwani alichofundishwa miezi iliyopita, tena kwa jibu moja lisilo na mjadala. Hiyo ndiyo faida yake yote, na ni faida kubwa. Mwalimu anayeelewa hivyo atautumia vizuri. Anayedhani ameleta umilisi darasani, yaani ule uwezo wa kutumia alichojifunza ambao mtaala mpya unautaka, au anayedhani amewapumzisha watoto, atapoteza vipindi viwili na manila kadhaa.

Tuanze na ulikotoka, kwa sababu asili yake ina onyo ndani. Mwaka 2007, mjini Kyoto, Japani, Takao Kato na kampuni yake ya SCRAP walianzisha mchezo ambao watu hufungiwa chumbani, wakapewa mafumbo na muda maalumu wa kuyafumbua ili watoke. Ulienea Asia, Ulaya na Marekani ukawa biashara. Mwaka 2015 huko Marekani wakatokea walimu na wabunifu wa Breakout EDU, wakaugeuza: badala ya kumfungia mtu ndani, funga sanduku, na mtu abaki huru. Mageuzi hayo yanaonekana madogo, lakini kwetu ndiyo yanayoufanya mchezo ukubalike. Januari 2019, mjini Koszalin, Poland, wasichana watano wa miaka kumi na mitano walikufa kwa moto ndani ya chumba cha mchezo wa aina hii. Nasi hatuhitaji kwenda Poland kutafuta mfano. Aprili 2008 moto uliua watoto bwenini katika shule ya Budo Junior. Oktoba 2022 ukaua wanafunzi kumi na mmoja katika shule ya wasioona ya Salama, Mukono. Shule itakayofunga mlango wa darasa ili mchezo unoge imekosea kabla ya swali la kwanza kuulizwa. Kufuli ikae kwenye sanduku, mlango ubaki wazi, na hili lisiwe jambo la kujadiliwa na mtu yeyote.

Sasa tuje kwenye mtaala, maana ndiko mkanganyiko ulikozaliwa. Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulianza na kidato cha kwanza mwaka 2020. Wiki chache baadaye, mwezi Machi, shule zikafungwa kwa sababu ya korona, na hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2022. Kundi la kwanza lililosoma mtaala huo lilifanya mtihani wa kidato cha nne mwaka 2024, matokeo yakatoka Februari 2025, yakiwa na herufi A hadi E badala ya madaraja tuliyoyazoea. Asilimia 20 ya alama hutokana na kazi za darasani na asilimia 80 hutokana na mtihani wa mwisho. Maswali yenyewe yamebadilika: mwanafunzi hupewa hali fulani ya maisha, kisha huombwa kutumia alichojifunza kueleza, kushauri au kupanga. Mabadiliko haya yamewaacha walimu wengi na swali la haki kabisa: je, ninachofanya darasani ni cha kale au ni cha sasa? Hapo ndipo kila kitu chenye mwendo na kelele kinapopewa jina la mtaala mpya. Wanafunzi wakisimama, ni umilisi. Wakikaa na kuandika, ni ukale.

Lakini hebu tuiangalie kufuli yenyewe. Kufuli haijui nusu alama. Haisomi aya. Haiwezi kumwambia mwanafunzi kwamba hoja yake ya pili ni nzuri ila mfano wake ni dhaifu. Ina jibu moja, na nje ya hilo haifunguki. Chukua swali la kijiji kilicho ukingoni mwa Ziwa Victoria ambako samaki wanapungua mwaka hadi mwaka, na mwanafunzi anatakiwa kuishauri kamati ya kijiji. Jibu zuri la swali hilo lina sababu, lina athari, lina mapendekezo yanayopingana na yanahitaji kupimwa. Huwezi kulikunja liwe tarakimu tatu. Ukijaribu, utabaki na swali la kukumbuka jina la nyavu zilizokatazwa, na umilisi wote umebaki nje ya sanduku. Kwa hiyo wanaosema mchezo wa makufuli ni mtaala mpya wanausifu kwa sifa ya jirani. Kwa umbo lake uko karibu zaidi na maswali ya kuchagua herufi tuliyofanya zamani kuliko na karatasi ya 2024.

Silisemi hilo kuudharau. Kukumbuka ni kazi, na ni kazi tunayoifundisha vibaya. Mwaka 2006 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, walichapisha jaribio ambalo ningependa kila mwalimu wa kidato cha nne alijue. Wanafunzi walisoma kifungu kifupi cha habari. Baadhi walikisoma tena. Wengine walipewa karatasi tupu wakaandika wanachokumbuka. Walipopimwa baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walikuwa mbele kidogo, asilimia 81 kwa 75. Baada ya wiki moja mambo yalipinduka: waliojilazimisha kukumbuka walibaki na asilimia 56, waliorudia kusoma wakashuka hadi 42. Mwaka 2013 John Dunlosky na wenzake walipitia mbinu kumi za kujisomea, wakaziweka juu kabisa mbili: kujipima, na kuyatawanya marudio kwa muda mrefu. Kusoma tena na kupigia mistari maneno muhimu vikawekwa chini. Fikiria basi mwanafunzi wetu wa prepo, kile kipindi cha kujisomea usiku, daftari limefunguka mbele yake, anasoma ukurasa ule ule kwa mara ya nne, na kwa kuwa maneno yanateleza vizuri machoni anaamini ameelewa. Anajidanganya bila kujua. Hakuna kitu katika usiku ule kilichomwambia funga daftari, sema unachokumbuka. Kufuli husema hivyo, na haibembelezwi.

Ni jambo ambalo bibi zetu walilijua bila karatasi ya utafiti. Mtoto wa Buganda akisikia koyi koyi hujibu lya, akijua kwamba sasa ataulizwa na hana pa kuchungulia. Mswahili husema kitendawili, anaitikiwa tega, na anayeshindwa hutakiwa kutoa mji kabla ya kupewa jibu. Kumbukumbu ilifanyiwa mazoezi jioni baada ya jioni, mbele ya watu, kwa shauku.

Hata hivyo, si kila kufuli inafanya kazi hiyo, na hapa ndipo nataka kukaa kidogo. Mchezo huu unaweza kuandikwa vizuri au vibaya, na tofauti haionekani kwenye picha. Kufuli mbaya ni ile inayompa mwanafunzi herufi zilizovurugwa azipange zitoe neno usanidinuru, au mfululizo wa namba zinazosimama badala ya herufi. Atahangaika dakika kumi, atalipata neno, atashangilia, na hatakuwa amejibu swali hata moja kuhusu jinsi mmea unavyotengeneza chakula. Amefanya mazoezi ya fumbo. Biolojia haikuguswa. Michezo mingi iliyotayarishwa tayari na kusambazwa mtandaoni ina kasoro hii, kwa sababu mtungaji alianza na fumbo, kisha akatafuta somo la kulipachika.

Kufuli nzuri huanza na kosa. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, kwa hiyo nitatoa mfano wa ngeli, mada inayowasumbua wanafunzi wa Uganda kuliko zote. Somo letu ni la lazima kidato cha kwanza na cha pili, na tangu Baraza la Mawaziri lilipopitisha Julai 2022 Kiswahili kiwe lugha rasmi, shule zimezidi kulihitaji hali walimu wake bado ni wachache. Wape wanafunzi maneno saba: kitabu, kifaru, chakula, kijana, kiongozi, cheti, kiatu. Waulize, ni mangapi yanachukua upatanisho wa KI-VI? Jibu ni manne: kitabu, chakula, cheti na kiatu, kwa maana kifaru, kijana na kiongozi ni vyenye uhai na hufuata A-WA. Sasa tazama majibu mabaya. Kundi linalosema tano limehesabu kila neno linaloanza na ki-, bila kujali uhai, na limesahau kwamba ch- ni ndugu yake. Linalosema saba linajua habari ya ch- lakini halijui habari ya uhai. Linalosema mawili linajua uhai, halijui ch-. Namba moja tu, na tayari nimejua ni somo gani nirudie na kwa nani. Katika hisabati ni hivyo hivyo: bidhaa ya shilingi 80,000 inapandishwa bei kwa asilimia 25, kisha bei mpya inapunguzwa kwa asilimia 25. Anayeleta 80,000 amedhani asilimia mbili zinafutana. Anayeleta 75,000 ameelewa asilimia ya nini. Mwalimu anayetunga makufuli aandike kwanza majibu mabaya anayoyategemea, ndipo aandike swali. Kama jibu baya halimwambii chochote, hiyo kufuli aitupe.

Pingamizi zipo, na nyingine ni nzito. Ya kwanza ni gharama, na hii ndiyo nyepesi kuliko inavyoonekana. Watu huona makasha ya Marekani yenye kufuli za tarakimu wakakata tamaa. Lakini shule ya bweni ya Uganda ina masanduku na makufuli mengi kama wanafunzi wenyewe: kila mmoja amekuja na sanduku lake la bati na kufuli yake. Omba masanduku sita. Kwenye kila meza weka funguo kumi zilizofungwa vibandiko vya namba, moja tu ikiwa ya sanduku lile. Jibu la swali ndiyo namba ya ufunguo. Kundi lina ruhusa ya kujaribu ufunguo mmoja. Ukigoma, linakaa dakika tatu likipitia upya kazi yake kabla ya kujaribu tena. Bila kanuni hiyo ya dakika tatu watajaribu funguo zote kumi na mchezo umekufa. Shule ya kutwa isiyo na masanduku itumie bahasha na mwalimu akae kama mlinzi wa lango. Hakuna senti inayohitajika kwenda ng'ambo.

Pingamizi ya pili ina uzito wa kweli: wingi wa wanafunzi, na wale wanaojificha nyuma ya wenzao. Mhandisi wa kilimo wa Ufaransa, Maximilien Ringelmann, alichapisha mwaka 1913 vipimo vya watu wakivuta kamba. Watu wanane wakivuta pamoja, kila mmoja alitoa takriban nusu ya nguvu anayoitoa akiwa peke yake. Niliyaona hayo kwa macho yangu mara ya kwanza nilipojaribu mchezo huu. Kundi lililomaliza mapema lilikuwa na kijana mmoja aliyefungua kila kitu, na wasichana wawili waliokuwa wameshika funguo tu. Nilifurahi nao wote siku ile. Wiki iliyofuata nikatoa maswali yale yale kwa mtu mmoja mmoja, na wale wasichana hawakuwa na jambo la kuandika. Sikuwa nimewarudisha popote. Niliwaonyesha tu mwenzao akirudia. Tangu hapo nina sharti moja ambalo silitengui: kabla ya kundi kuzungumza, kila mtu anaandika jibu lake kwenye karatasi yake, kimya, dakika mbili. Kisha ndipo wanalinganisha, na hapo mabishano huwa ya kweli kwa sababu kila mmoja ana kitu cha kutetea. Makundi yasizidi wanafunzi wanne au watano. Darasa la themanini litahitaji makundi kumi na sita, na mwalimu mmoja hataweza kuyasimamia yote. Agawe darasa, nusu wafanye makufuli na nusu wafanye karatasi ya zamani, kesho wabadilishane. Ni kazi ya ziada, nakubali, na mwalimu mwenye madarasa sita hawezi kuifanya kila wiki. Asiifanye kila wiki. Mara mbili kwa muhula zinatosha, na makufuli yale yale yatumike tena mwaka unaofuata.

Pingamizi ya tatu inahusu ushahidi. Mwaka 2020 Alice Veldkamp na wenzake wa Chuo Kikuu cha Utrecht, Uholanzi, walipitia tafiti za michezo hii mashuleni na vyuoni. Ushahidi kwamba wanafunzi huipenda na hujituma ni mwingi; ushahidi kwamba wanajua zaidi baada yake ni mwembamba. Wapinzani huichukua habari hii kama hukumu. Mimi naiona kama maelekezo. Kama furaha peke yake haitoi maarifa, basi tusipime mchezo kwa furaha. Tuupime kwa swali lile lile likiulizwa siku saba baadaye, mtu mmoja mmoja, bila sanduku. Mwalimu asiyefanya hivyo hajui kama alirudia au aliwachezesha, na picha zake za simu hazitamsaidia kujua.

Imebaki ile hoja inayosemwa kwa sauti kubwa kuliko zote, na ndiyo dhaifu kuliko zote: kwamba shule si mahali pa kucheza, na kwamba kwenye chumba cha mtihani hakuna makufuli. Ni kweli hayapo. Hakuna pia ubao wenye majibu tayari, wala mwalimu anayesoma kwa sauti, wala mwenzako wa kunakili kwake, na bado hivyo ndivyo tunavyofanya marudio kila mwaka bila mtu kulalamika. Kama kigezo ni kufanana na chumba cha mtihani, basi mwanafunzi anayekabili swali bila daftari, kwa muda uliopimwa, akijua kwamba jibu baya halitafungua kitu, yuko karibu zaidi na chumba hicho kuliko yule anayenakili majibu ya 2019 kwa kalamu ya bluu. Wanaoitoa hoja hii wamezoea kuamini kwamba marudio yenye uchungu ndiyo marudio ya kweli, na nadhani wengi wao walisoma hivyo na wakafaulu. Wapo waliosoma hivyo wakafeli, na hao hawakurudi kuwa walimu wakatueleza.

Kuna matokeo kadhaa ya kuuona mchezo huu kama mtihani. Kwanza, haufai kufundishia mada mpya. Huwezi kumpima mtu kile ambacho hajafundishwa, na mwanafunzi asiye na cha kukumbuka atabahatisha tu. Pili, makufuli yachanganye mada za muhula wa kwanza na wa pili, si za wiki iliyopita peke yake, kwa sababu faida ya kukumbuka huwa kubwa pale kitu kilipoanza kufifia. Tatu, alama zake zisiingizwe katika ile asilimia 20. Kazi ya kundi isiyoonyesha nani alifanya nini haiwezi kuwa rekodi ya haki ya mtoto mmoja, na siku mchezo utakapotolewa alama, woga utarudi na wanafunzi dhaifu wataacha kuandika majibu yao wenyewe. Wakuu wa shule wanaotaka kila shughuli iwe na alama kwenye faili wanapaswa kuelewa hili kabla ya kuidhinisha.

Nne, na hapa ndipo mtaala mpya unapopata nafasi yake, tusifikirie tu jinsi sanduku linavyofungwa. Tufikirie kilichomo ndani. Wengi huweka peremende. Mimi nimeacha. Katika sanduku la mwisho la kidato cha pili naweka karatasi, nakala moja kwa kila mwanafunzi wa kundi, yenye hali fulani: mama anayeuza ndizi Busia, mpakani, anataka kumwandikia mteja wake wa upande wa Kenya kumweleza kwa nini mzigo umechelewa na lini utafika. Andika barua hiyo. Katika barua hiyo mzigo lazima ufuate ngeli yake na mteja yake, vikapu vihesabiwe sawasawa, na kiongozi wa soko aliyesimamisha lori asitajwe kwa upatanisho wa kitabu. Saa haihesabu tena, funguo zimewekwa pembeni, kila mtu amerudi kwenye kiti chake. Wanaandika mpaka kengele, na karatasi hizo ndizo ninazobeba nyumbani kusahihisha.